Mteja Hapaswi Kulalamika

Lalamiko la kwanza alilitoa bafuni, peke yake, mlango umefungwa na bomba linamwaga maji. Alikuwa ananyoa ndevu. Kamera yake mpya ilikuwa imetundikwa kwenye kitasa, maana siku zile hakuwa anakaa nayo mbali, akaitupia jicho akanung'unika: "Mkanda wenyewe mfupi kama wa kufungia mbwa." Basi, ni hilo tu. Hakumwambia mtu. Kesho yake asubuhi akakuta bahasha kizingitini, ndani yake mna mkanda wa ngozi, mrefu na laini, pamoja na kikadi kilichoandikwa: *Tumesikia. Samahani kwa usumbufu.*

Mtu mwingine angeketi kwanza akajiuliza. Yeye aliuvaa mkanda, akaenda kujitazama kwenye kioo.

"Hii ndiyo huduma kwa wateja," alimwambia mkewe. "Wengine wajifunze."

"Uliwapigia simu saa ngapi?"

"Wana utaratibu wao," alijibu, na kwa kweli hakutaka kuulizwa zaidi.

Kazini walimwita Bwana Dosari, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, na mkono wake haukutikisika hata chembe; jino likipinda kwa unene wa unywele, analing'oa kwenye nta na kuanza upya. Tatizo ni kwamba jicho hilohilo alirudi nalo nyumbani. Chai ina dosari, pazia lina dosari, shemeji yake ana dosari tangu alipozaliwa. Picha alikuwa anapiga kwa mapenzi tu, Jumamosi na Jumapili, na huko ndiko kulikokuwa na dosari nyingi kuliko kote.

Kamera aliinunua kwenye duka dogo ghorofa ya pili, juu ya ngazi nyembamba. Alikaribishwa kiti na maji baridi. Mhudumu, mwanamke mwenye shati la buluu na tabasamu lisilochoka, alimfungulia lenzi baada ya lenzi bila kuguna, kisha akamwekea karatasi ya dhamana. Ilikuwa na mstari mmoja tu: *Chochote kitakachokukera katika picha zako, tutakirekebisha.* Bwana Dosari alisaini akicheka. Alisema maisha yake yote amekuwa akilitafuta duka kama hili.

Baada ya mkanda ikaja lenzi. Ilikuwa inakwaruza ukiizungusha, akasema "aagh" moyoni. Saa nne kamili asubuhi simu ikaita.

"Habari za asubuhi, mteja wetu," ilisema sauti ya kike, laini mno. "Tumeona lenzi inakukera. Tunapenda kujua kama sasa umeridhika." Bwana Dosari akaizungusha. Ilikuwa inateleza kama iliyopakwa mafuta.

Ikaja zamu ya jogoo wa jirani. Jogoo huyo alikuwa na tabia ya kukatiza kila Bwana Dosari alipolenga ua la ukutani, naye akamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kesho yake jogoo alikutwa juu ya ukuta, mguu mmoja umeinuliwa, shingo imenyooka. Mzima, anapumua, lakini hasogei. Jirani alimtikisa, akammwagia maji, akaita watu waje kuona kichekesho. Siku ya saba jogoo akaanguka chini mkavu kama kipande cha ubao, na hakuna aliyecheka tena.

Bwana Dosari aliliona lile, na kitu kilimwambia arudishe kamera. Ila ile picha ya ua ilikuwa imetoka safi, na alikuwa ameshaichapisha kubwa.

Sasa alikuwa na binti mmoja, wa miaka sita, aliyeitwa Kiroboto na nyumba nzima kwa sababu ya kurukaruka. Kiroboto hakuwahi kutembea. Alikuwa anafika tu. Alipanda makochi, alicheza na mlango wa friji, alizungumza huku anaruka kwa mguu mmoja. Bibi yake aliyekuwa mbali aliomba picha ya mjukuu, moja tu, nzuri, ya kuweka mezani. Jumamosi mchana baba mtu akaweka stendi ya miguu mitatu sebuleni, akamkalisha mtoto kwenye kigoda karibu na dirisha, akapiga picha themanini. Zote themanini zilitoka ukungu wenye meno.

"Mtoto huyu hatulii!" alifoka, na safari hii alifoka kwa sauti. "Ananiharibia kila kitu! Hatulii hata sekunde moja!"

"Ni mtoto, Baba Kiroboto," mkewe alisema kutoka jikoni. "Ungetaka akae kama kabati?"

Jumapili asubuhi Kiroboto alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Hakuna aliyemwambia akae. Mikono ipo mapajani, kidevu kimeinuka kidogo, mwanga unamwangukia shavuni vile ambavyo baba yake alikuwa anautafuta mwaka mzima. Na hapa lazima niseme ukweli hata kama unamwaibisha: kabla ya kumwuliza mtoto ameamkaje, alichukua kamera akapiga picha. Ikatoka haina dosari hata moja. Alifurahi.

Ndipo simu ikaita. Saa nne kamili.

"Tunapenda kujua kama umeridhika."

Alimtazama mwanawe, akaona kuwa tangu aingie sebuleni mtoto hajapepesa macho. Akamwita, hakugeuka, akamshika bega, likawa na joto la mtu aliye hai lakini gumu, akainama kumbusu utosini kama kawaida yake, na badala ya harufu ya sabuni na jasho la kitoto akasikia harufu ya kitu kipya kinachotolewa kwenye boksi, plastiki na sponji na karatasi laini, akarudi nyuma kwa hofu, kidole chake kikabonyeza kamera bila kukusudia, nayo ikalia *cha*, na hapo, kwa mlio huo, Kiroboto akapepesa macho mara moja, akayafungua tena, na yakabaki wazi yakingoja.

"Mama Kiroboto!" aliita. "Mama Kiroboto, njoo!"

Walizunguka hospitali siku sita. Madaktari walipima damu, wakapiga kichwa picha, wakasema moyo unapiga vizuri. Walimpa sindano na dawa za maji alizomezeshwa kwa kijiko. Mama alilala kwenye mkeka miguuni pa mtoto, akimwimbia, akimbembeleza aombe chochote, hata ile peremende aliyokuwa anakatazwa. Macho ya mtoto yalianza kuwa mekundu kwa ukavu. Na Bwana Dosari, Mungu amsamehe, alikuwa anatoka na kamera koridoni kila baada ya dakika chache, anasimama mlangoni na kuibonyeza, ili mwanawe apate kupepesa.

Hakumwambia mkewe. Angeanzia wapi? Angesema nini, kwamba alimshitaki mwanawe wa kumzaa kwa wenye duka?

Alikuwa anahesabu siku kwa jogoo. Siku ya saba asubuhi alikwenda dukani.

Chini ya ngazi zile kulikuwa na kibanda cha kupiga picha za pasipoti, na mwenyewe, mwanamke mkavu wa uso, alimnyooshea mguu mbele asipite.

"Nani?" alimwuliza bila salamu.

"Samahani?"

"Nakuuliza wamekurekebishia nani. Kila anayepanda hapa akiwa na sura hiyo ana mtu nyumbani."

Bwana Dosari alionyesha kwa mkono kimo cha mtoto.

Mwanamke yule alifumba macho kidogo. "Mimi nililalamika mume wangu anaongea sana ninapopiga picha. Mwaka wa sita huu yupo kwenye kiti, kimya. Hakufa, kwa sababu niliwahi kuomba kabla siku ya saba haijaisha, ila nilichelewa nusu: uhai alibakiziwa, sauti hakurudishiwa." Akamsogelea, akashusha sauti. "Sikiliza, kaka. Jini la huko juu halitaki damu, halitaki kafara, wala hulifukuzi kwa kisomo ulichojifunza jana. Linataka maoni yako. Ukililalamikia duka, wanafurahi, wanakurekebishia tena. Ukiwatukana, watakurekebishia aliye karibu. Waombe kubadilishiwa. Kitu kwa kitu cha aina ileile. Ukishapewa, ukiulizwa jibu moja tu: nimeridhika. Hata wakikuuliza mara elfu. Na kila mtu wa nyumbani kwako ajue hivyo. Umenielewa? Kila mtu."

"Nimekuelewa."

"Nakuona hujanielewa. Haya, panda."

Kiti kilikuwa tayari, maji baridi tayari. Mhudumu alisimama nyuma ya kaunta na tabasamu lake. Bwana Dosari hakuthubutu kuchungulia miguu yake. Chumba kizima kilinuka boksi jipya.

"Karibu tena, mteja wetu. Kuna dosari?"

Aliuzuia ulimi. Maisha yote hakuwahi kuulizwa swali tamu kama hilo, na sasa lilimwogopesha kuliko kisu. "Hakuna," alisema. "Naomba kubadilishiwa."

Tabasamu halikupungua, ila lilikaa vibaya. "Kamera haina kosa. Kosa lilikuwa la mtoto, nasi tumeliondoa."

"Nalitaka lilelile kosa lake. Nirudishieni."

"Utatupa nini cha aina yake? Tulichompa ni utulivu."

Akaelewa. Aliiweka mikono yake juu ya kaunta, ile mikono iliyokuwa inapanga jino kwa unene wa unywele, iliyokuwa inashika kamera bila stendi magharibi jua likizama, kitu pekee katika maisha yake ambacho hakuwahi kukikuta na dosari. Alilia, na hakuona haya kulia. "Chukueni huu wangu."

Mhudumu aliigusa kwa ncha ya kidole. Kidole kilikuwa baridi kama chuma cha stendi. "Asante kwa kutuchagua," alisema.

Alipofika hospitali alisikia kelele tangu koridoni. Kiroboto alikuwa anaruka juu ya kitanda, nesi anamfukuza, mama mtu ameketi sakafuni anacheka na kulia kwa pamoja. "Sindano ya jana!" alisema. "Baba Kiroboto, ile sindano ya jana imefanya kazi!"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Mkewe alikuwa na furaha, na yeye alikuwa na aibu. "Naam," akasema. "Ilikuwa sindano nzuri."

Mikono ilianza kutetemeka siku ileile. Haikushika tena kikombe bila kumwaga. Kazini aliangusha seti tatu za meno kwa wiki moja, bosi akamhamishia mapokezi kuandikisha wagonjwa, na mwandiko wake haukusomeka. Hakulalamika. Wenzake walishangaa, wengine walisema ugonjwa umempa adabu. Chai ikiwa baridi alikunywa. Shemeji akija alimkaribisha. Alijaribu kuitupa kamera mara mbili, na mara mbili aliikuta imetundikwa kwenye kitasa cha bafuni na kikadi: *Tumekurudishia uliyoisahau.* Akaiacha hapohapo.

Na kila siku, saa nne kamili, popote alipo, simu iliita naye akajibu: "Nimeridhika." Alilisema akiwa na homa. Alilisema kwenye mazishi ya mjomba wake. Baada ya miezi miwili alianza kuamini kwamba ataweza kulisema mpaka kufa, na kwamba huko sebuleni Kiroboto ataendelea kuvunja vikombe, na bei hiyo aliiona halali.

Ikaja Jumapili moja. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu usiku kwenye saa tatu na ushee, na hakuna aliyegundua. Bwana Dosari alikuwa bafuni, bomba linamwaga maji, anajaribu kunyoa kwa mkono unaotikisika, taratibu, akijikatakata. Simu aliiacha mezani. Aliisikia ikiita, akafikiri bado ni saa tatu na ushee. Kisha akamsikia mkewe.

"Haloo? ... Salama, dada. Hapana, mwenyewe anaoga, mimi ni mkewe."

Alifunga bomba. Alifungua mdomo.

"Kamera? Kamera haina neno kabisa, asanteni sana. Mna huduma nzuri, hata yeye husema." Mkewe alicheka, kisha akashusha sauti, kama watu wanavyomwambia mgeni mpole jambo linalowauma. "Ila siku hizi hapigi picha, dada. Inanisikitisha mno. Mume wangu mikono inamtetemeka. Hatulii."

"Nimeridhika!" alipiga kelele Bwana Dosari, au alifikiri amepiga. Wembe ulikuwa umefika chini ya sikio. Mkono uliokuwa unaushika uliacha kutetemeka. Aliuona kwenye kioo ukitulia, vidole, kiganja, kiwiko, kisha bega, kisha ile midomo iliyokuwa imeshaanza kutamka. Tone la damu lilimtoka shingoni likashuka taratibu hadi kifuani, na hakuweza kulifuta.

Mlango ulifunguliwa. Mkewe alisimama pale na simu mkononi, nyuma yake Kiroboto anaruka kwa mguu mmoja.

"Baba Kiroboto," mkewe alisema kwa furaha, "watu wa kamera wanakusalimu. Wanasema tusiwe na wasi..." Akautazama mkono. "Mungu wangu. Umetulia! Mume wangu, mkono umetulia!"

Alikuja kumkumbatia kwa nyuma, akaweka pua shingoni mwake, na kicheko chake kikakatika hapohapo. Alikuwa anaijua harufu ile. Alilala nayo hospitali siku sita, miguuni pa Kiroboto.

Kwenye kitasa kamera ililia *cha*, na ndani ya kioo macho ya mumewe yakapepesa mara moja.