Hakukuwa na Dhoruba

Asubuhi hiyo ofisi ya kampuni ya ndege, pale katikati ya Likasi, ilijaa watu na kelele. Kila mmoja alinyanyua simu yake kuonyesha ujumbe ulioingia jana yake jioni: ndege ya leo kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa imefutwa kwa sababu ya dhoruba. Orpa, mshonaji wa mtaa wa Shituru, alijipenyeza hadi mbele, kikwembe chake cha samawati kikimkaa vizuri kiunoni, mikononi amekumbatia gauni la arusi ndani ya nailoni. Kesho dada yake Hadassa angeolewa Kinshasa, na gauni lenyewe ndilo hilo.

Nyuma ya meza alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka. Aliitwa Déogratias.

"Mama, pole kabisa..."

"Minye si mama yako. Ndege iko wapi?"

"Imefutwa. Banasema dhoruba."

Orpa aligeukia dirisha. Nje, maua ya zambarau ya mijakaranda yalikuwa yametulia kana kwamba yamechorwa, na mbingu ilikuwa safi hadi inaumiza macho.

"Dhoruba ya wapi, papa?"

Kijana alitaka kucheka, akajizuia, kisha akainamisha macho. Alimwambia achague: arudishiwe pesa ya tiketi, au apande ndege ya wiki ijayo. Orpa hakuchagua. Alitoka akilia.

Hakufika mbali. Déogratias alimkimbilia hadi chini ya miti.

"Sikiliza," akasema, akihema. "Wakifuta ndege na wakachelewa kukuambia, na kosa ni la kampuni, weye iko na haki ya fidia, si pesa ya tiketi tu. Kama ni dhoruba kweli, hapana. Uliza sababu."

"Na weye unajua sababu?"

Kijana aligeuka kutazama ofisini, kisha akatoa simu yake. Aliomba namba ya Orpa, ati ya dosié, faili la madai.

"Ya dosié tu?" Orpa aliuliza, machozi hayajakauka.

"Tuanzie pale."

Hadassa aliolewa na gauni la kuazima. Orpa na abiria wenzake walipeleka madai yao mahakamani. Na kila jioni simu ya Orpa ililia, ni Déo.

"Umekula, Orpa yangu?"

"Tangu lini niko yako?"

"Tangu uliponiita papa."

Oktoba nzima ilipita hivyo. Walitembea taratibu juu ya zulia la maua, Orpa amevaa blauzi alizojishonea, moshi wa kiwanda cha Shituru ukigeuka dhahabu machweo. Wakati mwingine walitembea mpaka Orpa akasahau alikuwa anakwenda wapi. Akiwa kwenye cherehani, alishtukia ameshona mshono uleule mara mbili, anatabasamu peke yake.

Siku moja alipita ofisini kuuliza habari za madai. Déo hakuwepo. Alikuwepo mkuu wake, Papa Barthélemy, mnene na mwenye manukato mengi.

"Bado unatusumbua?" akacheka. "Nilimutuma Déo akutulize. Nilizani amefanya kazi yake muzuri."

Orpa alishikilia meza. Alipofika barabarani akapiga simu.

"Déo, unanipenda juu ya kazi tu, kwa kuwa mukubwa wako alikutuma?"

"Alinituma, ni kweli. Lakini kupenda, hakuna mutu alinituma."

"Basi niambie. Dhoruba ilikuwa?"

 Déo alishusha sauti.

"Orpa, nikisema, nitapoteza kazi. Mama yangu anakula kwa hii kazi."

"Bakia na kazi yako," akasema, akakata. Siku zote zilizofuata simu ililia, naye akaiacha ilie.

Siku ya kesi, mwanasheria wa kampuni alieleza kwa ufasaha habari za upepo na radi. Abiria walitazamana. Ndipo mlango ukafunguliwa na Déogratias akaingia, shati lake jeupe limelowa jasho. Aliomba kusema.

"Hakukuwa na dhoruba. Ndege ilikodishwa kwa wageni matajiri. Minye mwenyewe nilituma ule ujumbe, na nilijua ni bongo, uongo mutupu."

 Abiria walishinda, fidia ikaamriwa. Orpa alipoinuka kumtafuta, Déo alikuwa ameshaondoka, na kufikia jioni kazini walikuwa wameshamfukuza.

Orpa aliulizia mpaka akamkuta Kapolowe, nje ya Likasi, kwa mjomba wake, akipalilia nyanya. Orpa alivaa gauni la njano. Vumbi jekundu lilikuwa limepanda hadi magotini. Déo aliona njano ile kutoka mbali, akaacha jembe lianguke.

"Ulikuja kufanya nini huku?"

"Kukugombeza. Juu ya nini haukuniambia siku ya kwanza?"

"Niliogopa. Nilipotaka kusema, nilikuwa nimeshakupenda, nikaogopa mara mbili." Alijipangusa uso kwa kiganja, akajipaka udongo. "Sasa siko na kazi, Orpa. Siko na mali ya kupeleka kwenu kwa mahari."

"Nilikuuliza mali?" Alimkaribia, akamfuta lile tope kwa kidole gumba, polepole, kama anayelainisha kitambaa chepesi. "Baba yangu anataka kuona mutu anayekuja kupiga hodi. Mali itakuya pole pole. Unakuya ao haukuye?"

Déo alimtazama sana. Kisha akainama kwenye ndoo, akanawa mikono, akanawa uso, akaenda nyumbani mbio kumwita mjomba wake, waende pamoja kupiga hodi.