Droni Iliyopaa Kutoka Kaburini

Kwanza lilikuwa jambo dogo. Droni ilishuka na lenzi yake imepakwa mafuta.

Rubani aliyafuta kwa kitambaa, akanusa kidole. Jina la Rubani alipewa kwa utani, maana ndege hajawahi kupanda. Yeye na dada yake walikuwa na chumba kimoja cha kazi, kompyuta moja na droni moja, wakipiga picha za harusi na viwanja kutoka juu. Mafuta yale yalinuka nyama iliyosahauliwa sufuriani.

"Labda umepita juu ya jiko la watu," dada akasema.

"Mita themanini juu? Jiko gani hilo?"

Wiki ileile betri ya dakika ishirini na tano ikawa inaisha kwa kumi na mbili, kana kwamba droni imebeba mzigo. Kisha zikaja nywele. Kila iliposhuka, mapanga yake ya kuzunguka yalikuwa yamezongwa na nywele ndefu za mvi, zimelowa, na kwenye mizizi yake vimeganda vipande vya ngozi, laini kama utando wa maziwa. Rubani alizitoa kwa kibanio, akatapika kwenye ndoo ya taka.

Siku ya kuhariri video ya harusi, dada alimwita kwa sauti ya chini. "Kaka, njoo. Usiwatazame maharusi. Tazama kivuli."

Ilikuwa alasiri, jua limeinama, na droni ilipita chini karibu na ukuta mweupe. Kivuli chake kilipita ukutani juu ya vichwa vya wageni waliokuwa wakila na kucheka, na chini ya kivuli hicho kilining'inia kivuli kingine, cha mtu aliyeishikilia droni kwa mikono miwili, miguu mirefu ikichezacheza kama ya mtoto kwenye bembea, na kutoka kwake kitu kilidondoka tone kwa tone kwenye sahani za watu.

Walimwendea mjomba wao, maalimu aliyekuwa amemsomea dua mama yao miezi minne iliyopita, siku ya kuzikwa kwake.

"Kabla ya hayo mafuta, mliirusha kutoka wapi?" mjomba aliuliza.

Rubani akaeleza. Droni hairushwi kwenye majani wala vumbi. Hutaka mahali pagumu, safi, palipo sawa. Siku ile walikuwa wakipiga picha za viwanja, majani yamewafika magotini, na nyuma ya ukuta palikuwa na makaburi ya zamani. Kaburi moja lilisakafiwa kwa saruji, halina jina.

"Ukaomba radhi?"

"Nilisema aliyelala hapo hana haraka."

Mjomba hakucheka. "Maiti hana neno nawe, mwanangu. Ni jini anayekaa pale akila kilichobaki. Wewe umempelekea kipando. Kirudisheni, mkiache na vyote vilivyomo. Msibakize kitu."

"Na mama?" dada akauliza.

Video pekee ya mama yao ilikuwa ndani ya droni hiyo, ya siku walipoijaribu mara ya kwanza, akianika shuka uani. Hawakuwahi kuihamishia kwenye kompyuta, kwa sababu ingewabidi waitazame.

"Mama yenu yuko kwa Mola wake," mjomba alisema polepole. "Hayumo kwenye plastiki."

Kesho yake asubuhi waliiweka juu ya saruji, betri imetolewa. Mjomba alisoma. Mapanga yakaanza kuzunguka yenyewe, taratibu, na kwenye matundu ya mashine yakachuruzika mafuta mazito yenye funza weupe, yakaenea kaburini, yakanyonywa na saruji kama maji mchangani. Kisha harufu ikakatika. Rubani aliomba radhi, wakaondoka bila kugeuka nyuma.

Mchana dada alifungua madirisha ya chumba cha kazi. "Alhamdulillahi. Hata pua yangu imerudi."

"Nimefanya kitu," Rubani alisema. "Asubuhi, ulipokuwa unatawadha. Nimemhamisha mama."

Dada akavuta kiti.

Mama alikuwa uani, kiganja juu ya macho, akicheka. "Kisije kikanidondokea mie!" Droni ikamshukia karibu. Kwenye shuka nyeupe nyuma yake kivuli kikapita, na miguu ile mirefu, ikichezacheza. Na mama, bado akicheka, akainua uso, akafumbua kinywa, na nywele za mvi zikashuka kutoka juu ya picha, zimelowa, zikamwingia kinywani, naye akazimeza bila kutafuna, bila pupa, huku akiwatazama wanawe, mpaka ncha ya mwisho ikapita midomoni. Chumba kikajaa uvundo. Kati ya vitufe vya kompyuta mafuta yakaanza kupanda.

"Futa," dada akanong'ona, amebana pua.

Kidole cha Rubani kilikuwa tayari kwenye kitufe. Mama akajipangusa midomo kwa pembe ya mtandio, vilevile kama alivyozoea kila akimaliza kula, akamwita kwa jina lake la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliyelitumia.

"Futa, kaka."

Rubani akairudisha video mwanzo.