Mkalimani Hamjui Mwombaji

Upepo wa kutoka ziwani ukiingia Nakuru mwezi wa pili hauulizi mtu cheo. Jumamosi moja ya mwaka wa 1957 ulipita katikati ya soko na vumbi jeupe la magadi, ukawavua wazee kofia, ukapindua vikapu vitupu, kisha ukamnyang'anya karani wa Baraza la lokesheni, mtaa wa Waafrika, karatasi zake zote kumi na mbili.

Karani huyo, Khaemba, aliruka huku na huku kati ya kuku na mafungu ya sukumawiki. Alikuwa na tai nyekundu na suruali ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, mavazi yasiyofaa hata kidogo kwa mbio za aina hiyo. Karatasi ya mwisho aliikuta chini ya raba nyeupe. Juu ya raba palikuwa na gauni la maua madogo ya buluu, na ndani ya gauni alikuwamo msichana aliyeinama akisoma.

"Hiyo ni mali ya serikali," Khaemba alisema akihema.

"Basi serikali ifunge mali yake na kamba." Msichana hakuinua mguu. "Hapa mmeandika wajumbe walibishana saa nzima juu ya choo kimoja."

"Kumbe unasoma Kiingereza?"

"Cha misheni, kidogo. Na hicho choo kiko nyuma ya nyumba yetu pale Bondeni. Hakijajengwa mpaka leo. Uwaandikie hivyo, karani."

Khaemba alicheka, na mwanamume akishachekeshwa namna hiyo mbele ya soko zima, ameshanaswa. Kabla upepo haujatulia alikuwa amejua kwamba msichana anaitwa Njoki, kwamba baba yake, Wanyoike, ni fundi wa reli, na kwamba yeye mwenyewe hushona katika duka la nguo la Mhindi mmoja. Muhimu kuliko yote, duka lilikuwa na simu.

Jumatatu saa nne simu ikalia.

"Halo, hapa ni ofisi ya Baraza. Tunaulizia kitambaa cha mapazia."

"Rangi gani, bwana?"

"Rangi ya macho yako."

"Hiyo imekwisha, bwana. Labda tutapata nyingine Jumapili, watu wakitoka kanisani."

Tajiri wake akauliza ni nani. Njoki akajibu kwamba ni serikali, inasumbua. Baraza likawa linaulizia mapazia kila wiki, na ofisi ile haikuwa na dirisha ila moja.

Jumapili Khaemba alikuwa akila kwao. Mama yake Njoki, Wangare, mwanamke mfupi asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, alimpakulia irio mpaka sahani ikajaa, akamwita mwanangu kwa Kikuyu. Khaemba alikuwa ameokota Kikuyu cha kutosha kulielewa neno hilo. Alilipenda. Lakini kila alipokuja alipita njia ya nyuma, kwenye majani.

"Mbona hupiti barabarani kama watu?" Njoki alimuuliza.

"Huku ni karibu, mpenzi."

Haikuwa karibu. Ilikuwa bado Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, na Kahiga, kaka yake Njoki, alikuwa kizuizini mwaka wa tatu. Khaemba alikuwa akingoja kuthibitishwa kazini, na aliyethibitishwa hupewa nyumba ya matofali, vyumba viwili. Karani anayeonekana mlangoni mwa nyumba kama ile angeweza kuandikwa jina mahali pabaya. Mimi simlaumu, maana watu wengi waliogopa miaka ile. Ila yeye hakusema naogopa. Alisema, "Ngoja nithibitishwe, Njoki wangu. Nitapita barabarani na bendi ya tarumbeta." Njoki akangoja.

Mwezi wa sita Wanyoike akafa kwa kifua. Chumba kilikuwa cha kazi yake, na kazi ilikuwa imezikwa naye. Mjane na binti walitakiwa kurudi rizavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu, mahali ambapo hawakuwa na hata upana wa mkeka. Njia ilikuwa moja tu: Baraza liwaruhusu kubaki, na kwa hilo alihitajika mkazi wa Bondeni mwenye kazi na tabia njema, asimame aseme anawajua.

Kikao kilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Wajumbe kumi na mmoja waliketi kwa koti na tai kuzunguka meza ndefu, wananchi kwenye mabenchi ya nyuma, na kichwani pa meza Bwana Mwenyekiti, Mzungu mpole mwenye kiko, aliyejua Kiswahili cha kumwagiza mpishi tu. Khaemba alisimama kando yake. Palisaliwa. Zikasomwa kumbukumbu za kikao kilichopita, mwenyekiti akauliza kama ni za kweli, wajumbe wakainua mikono, akatia sahihi. Yakaja maswali: bomba la maji, taa, choo kilekile. Saa tano ikafika zamu ya maombi.

Wangare alisimama na kitambaa cheusi kichwani. Alisema kwa Kikuyu, Njoki akayageuza kuwa Kiswahili, na Khaemba akayapeleka kwa Kiingereza hadi mezani. Majibu yalirudi kwa njia hiyohiyo. Njoki hakumtazama isivyopasa. Aliitunza siri yao hata pale.

"Nani anawajua watu hawa?" mwenyekiti aliuliza.

Hakuna aliyeinua mkono. Mzee Odero, mjumbe wa Bondeni na fundi wa reli kama marehemu, alikuwa akisoma ajenda yake upya. Mwenyekiti akageuka.

"Mkalimani wetu anakaa Bondeni. Je, yeye anamjua mwombaji na nyumba yake?"

Sasa sikiliza jinsi kazi ile ilivyokuwa. Kila lililosemwa kwa Kiingereza lilipaswa kusemwa tena kwa Kiswahili, ukumbi usikie. Khaemba alilazimika kulitafsiri swali lake mwenyewe kabla ya kulijibu. Alipata muda, na hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba alipata muda wa kufikiri. Akafikiria matofali. Akasema kwa Kiingereza kwamba hapana, hamjui. Kisha, kwa sauti ileile kubwa ya kazi, akautangazia ukumbi:

"Mkalimani anasema hamjui mwombaji."

Njoki alimtazama kama mtu aliyepotezwa njia na mwenyeji wake. Kisha akafanya alichotakiwa kufanya. Akageuka, akamwambia mama yake kwa Kikuyu kwamba karani anasema yeye hatujui sisi. Mama aliuliza kitu kwa sauti ndogo. Njoki akarudia neno kwa neno. Wangare alitikisa kichwa polepole, akasema jambo fupi.

"Mama anasema asante," Njoki alisema.

Na Khaemba, masikio yakimwaka, akamwambia mwenyekiti kwa Kiingereza kwamba mama anasema asante. Ombi likaahirishwa hadi kikao cha mwezi ujao. Asipopatikana wa kuwajua, wataondoka.

Jumatatu saa nne alipiga simu.

"Halo. Njoki, tafadhali usikate."

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi."

"Mimi ni nani? Duka lina wateja wengi."

"Khaemba."

"Simjui huyo, bwana. Jaribu duka lingine."

Alipiga siku tatu. Siku ya nne akajibu tajiri mwenyewe, akasema kama Baraza linataka mapazia lije linunue, la sivyo atalalamika kwa mkubwa wake. Khaemba alikaa mbele ya simu kama mwanafunzi aliyepigwa viboko mbele ya darasa. Watu wakimsalimu aliona wanajua, na kwa kweli wengi walijua, maana majani ya Bondeni hayajawahi kumficha mtu.

Jumapili alipita barabarani, mchana mweupe. Hakuna aliyemjali, na hilo nalo lilimwaibisha. Ndani ya chumba alikuta mablanketi na sufuria vimefungwa kwa kamba za katani karibu na mlango. Wangare alimpa kiti, akammiminia chai.

"Pole na kazi, karani," akasema.

Alikuwa amejifunza kusema hivyo kwa Kiswahili safi. Khaemba alingoja neno lile lingine la Kikuyu, halikuja. Akamfuata Njoki nje, alikokuwa akianika nguo, ukosi mweupe wa gauni lake la kanisani umelowa mabegani.

"Nilikosa," alisema.

"Ulikosa nini? Wewe ulijibu swali."

"Niliogopa, Njoki."

"Mimi pia huogopa. Naogopa kila siku nikishika ile pasi ya kuruhusiwa kukaa mjini." Alikamua shati mpaka maji yakaisha. "Kama ungenikana mimi peke yangu, Khaemba, ningelia wiki moja, nikakusahau. Lakini ulinifanya nimwambie mama yangu kwa mdomo wangu. Mara mbili, maana ya kwanza hakuamini. Aliniuliza kama nimesikia vizuri."

"Nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye unajua kusema kwa pande zote."

Kumbukumbu za kikao aliziandika mwenyewe kwa mashine, kama kawaida. Alipofika kwenye mstari ule vidole vilikataa. Angeweza kuuruka, mwenyekiti asingegundua. Akaupiga herufi kwa herufi: mkalimani alisema hamjui mwombaji.

Alhamisi ya kikao ikafika. Njoki na mama yake waliketi benchi la nyuma, tayari kwa safari. Basi lilikuwa saa nane. Palisaliwa. Khaemba akasoma kumbukumbu kwa Kiingereza, akazisoma kwa Kiswahili, na mstari ule hakuumeza. Mwenyekiti akachomoa kalamu.

"Je, kumbukumbu hizi ni za kweli?"

Huo ndio wakati wa wajumbe kusahihisha. Karani si mjumbe. Kwa miaka miwili Khaemba alikuwa amesema katika ukumbi ule kuliko mtu yeyote, na hata siku moja hakusema neno lake mwenyewe.

"Bwana Mwenyekiti, kuna kosa," alisema, kwanza kwa Kiswahili. Kisha akajitafsiri.

"Kosa la mashine?"

"Mashine iko sawa. Aliyesema ndiye alidanganya." Akashika ukingo wa meza. "Mkalimani anamjua mwombaji. Amekula kwake Jumapili nyingi. Anamjua binti yake, Njoki, na anataka kumwoa. Alisema hamjui kwa sababu alitaka nyumba ya matofali. Anaona aibu, na anaomba iandikwe hivyo."

Yote hayo akayarudia kwa Kiingereza, jasho likimtoka hadi kwenye tai, na hakuna aliyemsaidia. Nyuma, Wangare akamvuta Njoki mkono, akataka kujua karani amesema nini. Njoki akamwinamia na kumwambia, na safari hii ilichukua muda mrefu.

Mjumbe Kemboi, mwenye duka la nyama, akainuka. "Mtu alidanganya mwezi jana. Leo tutamwamini vipi?"

Mwenyekiti aliweka kiko chini. Alisema, bila ukali, kwamba Baraza haliwezi kuwa na mkalimani ambaye maneno yake yana shaka. Kazi ya Khaemba ingekwisha mwisho wa mwezi. Na asiye na kazi hawezi kuwa mdhamini wa mtu.

Haya nayo Khaemba aliyatafsiri. Aliyasema yote kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la mwisho, na hakupunguza neno.

Ndipo kiti kikasukumwa, akasimama Mzee Odero, mikono yake mikubwa ikikunja ajenda.

"Mimi nimefanya kazi na Wanyoike miaka kumi na moja," alisema akitazama meza. "Tulikula sufuria moja huko kwa reli. Nilimbeba kaburini. Mwezi jana nilikaa hapa hapa, nikanyamaza. Huyu kijana alisema uongo. Mimi niliufanya bila kusema. Niandikeni. Mimi nawajua."

Kemboi aliketi taratibu. Kisha akasema kwamba, kwa kweli, marehemu alikuwa mteja wake yeye pia. Mikono kumi na mmoja ikainuka kulikubali ombi. Khaemba akaihesabu kwa Kiingereza.

Nje, juani, hakukuwa na bendi. Njoki alimkuta amesimama ukutani bila tai.

"Umemaliza kazi yako," alimwambia.

"Nimeimaliza."

"Ungesema siku ile, mama asingelala mwezi mzima akiangalia mizigo mlangoni."

"Najua."

"Na nani alikwambia mtu huposwa mbele ya Mzungu mwenye kiko?" Mdomo ulitaka kucheka, macho yakakataa. "Mama anasema wazee wako wafike nyumbani, wapite barabarani. Hajasema atawajibu nini."

"Na wewe?"

"Mimi nakupenda, Khaemba. Hilo halikuwa swali hata siku moja." Aliangalia mikono yake. "Lakini lile neno nilimwambia mama kwa sauti yangu. Wewe umelisahihisha kwa karatasi. Mimi bado nalisikia."

Wangare alikuwa amekwisha kutangulia na mwavuli wake mweusi. Walimfuata hadi Bondeni kwa barabara kubwa, wakitazamwa, bila kushikana mikono. Chumbani Khaemba alipiga magoti mlangoni na kuanza kufungua kamba za mizigo. Mafundo yalikuwa magumu, yamekazwa na mwanamke aliyeamini hana pa kurudi, na alipofika la tatu machozi yalimzuia kuliona. Wangare alimtazama kwa muda. Hakumwita mwanangu. Aliinama, akashika upande wa pili wa kamba, akavuta pamoja naye.