Vyungu Saba vya Ghorofani

Dada yangu aliolewa na fundi cherehani, mtu mfupi mwenye tumbo la heshima, anayepanda ngazi kama anapelekwa mahakamani na kushuka kama gunia lililosukumwa. Waliishi chini: chumba cha mbele cherehani, cha nyuma kitanda, katikati pazia. Ghorofani juu yao aliishi mkunga mstaafu ambaye jengo zima lilimwita Mama Maua, kwa sababu sebuleni kwake palikuwa na vyungu saba vya maua na kiti kimoja. Wageni walisimama.

Jumatatu moja asubuhi, jua zuri, Mama Maua akashuka na begi. Anakwenda kumuuguza kaka yake siku tisa. Akamkabidhi shemeji ufunguo.

"Kila asubuhi, kila chungu kikombe kimoja. Kwa mkono wako, fundi. Usiniwekee mtambo."

"Mama, mimi nina mtambo gani? Wangu ni huu wa kushonea tu."

"Huohuo ndio nausema."

Wakacheka. Yaani, shemeji alicheka.

Siku ya kwanza akapanda, akamwagilia. Ya pili akapanda, akapumzika mara mbili njiani. Ya tatu ikaingia kazi ya sare za shule nzima, na magoti yake yakaomba likizo. Akafikiri kifundi. Akachukua uzi mnene wa pamba, kutoka roli lilelile alilotumia kumpigia dada yangu pindo la gauni la bluu, akausokota, akatoa vipande saba virefu. Ncha moja ndani ya ndoo iliyojaa maji, ncha nyingine kwenye udongo wa chungu. Uzi unanyonya, maua yanakunywa, fundi anashona. Akashuka akijipigia makofi mwenyewe.

Kesho yake nilipita kuwasalimia. Nikamkuta dada anapiga pasi, amevaa gauni lake la bluu, mtungi wa maji uko miguuni. Akanywa glasi. Akanywa ya pili. Ya tatu akaona glasi inamchelewesha, akainua mtungi.

"Dada, umemeza sifongo?"

"Sijui, kaka. Yanapita tu. Hayafiki."

Shemeji akadakia bila kuinua kichwa. "Mwache anywe. Mdomo ukijaa maji, mimi napumzika."

Tukacheka wote watatu. Dada alipocheka, mdomo wa chini ukapasuka. Haikutoka damu.

Mchana alikuwa kitandani. Ukiibana ngozi ya mkono wake, ilibaki imesimama kama kitambaa kilichotiwa wanga. Alitaka kulia, machozi hayakuja. Tukampeleka zahanati, muuguzi akamtundikia chupa mbili za maji ya mshipa. Zikaisha mbele ya macho yetu.

"Amekojoa?" muuguzi akauliza.

"Hapana."

Akamtazama dada, akaitazama chupa tupu. "Basi yanakwenda wapi?"

Tulipomrudisha nyumbani, shemeji akasema apande mara moja aangalie ndoo, isije ikawa imekauka Mama Maua akamla nyama. Nikapanda naye.

Ndoo ilikuwa imejaa. Mpaka ukingoni, kama alivyoiacha. Lakini udongo wa vyungu vyote ulikuwa umelowa chapachapa, na majani yamenona, yanameta, kila ncha ina tone. Nikagusa uzi mmoja. Ulikuwa na joto.

Joto la mtu.

Sasa fundi ni fundi. Akiona uzi umekaa vibaya, mkono wake unaomba mkasi kabla hajaiuliza akili. Akakata mmoja. Chini, dada alipiga ukelele mfupi, kama wa mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Tulishuka tukigongana. Alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa kimekauka, cheusi, chembamba, kama kijiti cha kiberiti kilichokwisha kuwaka. Nilikishika nikitazame.

Kikabaki mkononi mwangu.

Shemeji akampigia Mama Maua, simu akaiweka kwenye spika. Simu iliita mara moja tu.

"Uzi huo," yule mama akasema taratibu, "umeshonea nini kingine?"

Shemeji akalitazama gauni la bluu. Mishono ya pindo ilikuwa imelowa.

"Tumvue?" akanong'ona.

"Mtalivua na ngozi. Wala msikate tena, wala msihamishe chungu. Mkimimina kwa mkono, wanakunywa mnachowapa. Ulipowafungia uzi, uliwaambia wachague."

"Sasa tufanye nini, mama?"

"Kikombe kimoja kila asubuhi. Ukimsahau yeyote, atachukua kwa mkeo."  Kisha nikasikia kama anatabasamu. "Miaka kumi na tisa sijalala ugenini, fundi. Asante kwa kunipokea zamu."

Hakurudi. Namba yake haikupatikana tena.

Tulimimina kikombe kwenye vyungu sita, kile cha saba, cha uzi uliokatwa, kikiwa kimekwisha kunyauka, na kila kikombe kilipoingia udongoni, dada kule chini alimeza. Jioni aliketi akaomba chakula. Shemeji alilia, akaapa hatakosa hata siku moja. Na miezi miwili hakukosa. Alipanda ngazi zile mpaka tumbo likapungua.

Kisha wakagombana. Jambo dogo, suruali ya mteja iliyounguzwa na pasi. Dada akamjibu, na dada yangu akijibu anajibu.  Asubuhi shemeji alipanda, akaketi kwenye kile kiti na kikombe kilichojaa, akakaa tu. Kwa saa nzima dada alimsikia akigongagonga kikombe kwa kucha.

Siku ile dada alijifunza kunyamaza. Shemeji naye akajifunza kitu.

Chai ikichelewa, naye anachelewa kumwagilia. Akiulizwa alikotoka, kikombe kinasubiri hadi saa sita mchana. Ufunguo alikuwa analala nao. Mimi nilijua. Nilikuja, nikaona midomo ya dada ilivyo, nikatia mzaha, nikaondoka, maana mambo ya mke na mume nikasema watayamaliza wenyewe. Hilo halinichekeshi.

Mara ya mwisho dada alimwambia anataka kuondoka. Ndivyo tu. Shemeji akavaa shati safi, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kituo cha mabasi. Mlangoni akageuka.

"Siku tatu," akasema. "Nikirudi tutaona nani anaondoka."

Siku ya pili, mchana, dada alinipigia. Sikusikia neno, nilisikia ulimi ukibanduka kwenye kaakaa. Nilikuja na nondo. Nikapita kwake nikamkuta sakafuni, nikapanda, nikavunja kufuli, nikaingia na kikombe mkononi.

Udongo ulikuwa umelowa.

Vyungu vyote sita. Chapachapa. Majani yana matone. Ndoo imekauka, ina vumbi. Hakuna aliyeingia.

Nikateremka mbio. Dada alikuwa ameketi, amejiegemeza ukutani, midomo yake ina maji.

"Nani amemwagilia, kaka?"

 Jibu lililetwa jioni, kwenye gari la watu wa kituo. Walisema siku ya kwanza alikosa basi, akalala palepale; mchana wa pili, kwenye foleni, akaomba maji, akaomba tena, akakaa chini. Nilimbeba shemeji peke yangu mpaka ndani. Mtu mwenye tumbo lile. Alikuwa mwepesi kama kapu la nguo zilizoanuliwa.

Mzee aliyekuja kumwosha aliniita nyuma ya pazia. Akamgeuza marehemu ubavu. Kwenye shingo, chini ya nywele, palikuwa na mshono mmoja. Mdogo, nadhifu kuliko wowote ambao shemeji aliwahi kushona. Uzi mweupe wa pamba, uleule wa vyunguni, umefungwa fundo.

"Nikate?" akaninong'oneza.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya dada ikatoka upande wa pili wa pazia.

"Msikate. Watanirudia mimi."

Tukamzika nao.

Sasa ni mwaka wa pili. Dada amenenepa, anaimba akipiga pasi. Hakuna anayepanda ngazi zile, mlango niliupigilia misumari kwa mkono wangu. Juzi tu nilipanda mara moja, nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Majani yamefika darini. Udongo bado umelowa.