Magoti ya Mtu wa Stoo

"Stoo kuna vumbi, nimeshakwambia, vumbi lina—"

"Vumbi halitoboi goti, mume wangu, vumbi—"

"Nisikilize kwanza—"

"Nimekusikiliza miezi minane."

Koplo akajikung'uta shati. Mkewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima humwita Fundi, alikuwa ameishika suruali yake ya jeshi na kuigeuza ndani nje, upande ambao nguo haijui kudanganya. Nyuma ya pazia, Mwalimu, mteja aliyekuja kujaribu gauni lake la njano, akaamua kwamba zipu imekwama. Wala haikukwama.

"Mtu wa ofisini huchakaza makalio," Fundi alisema. "Dereva, makalio na bega la mkanda. Mtu wa stoo, mfuko wa kalamu. Wewe makalio mapya kabisa, utadhani hujawahi kukaa. Magoti yamekwisha. Viwiko vya shati vimekwisha. Mablanketi siku hizi yanahesabiwa kwa kutambaa?"

"Yale ya chini huwa—"

"Usinichekeshe. Nikicheka nitalia."

Tangu Koplo ahamishwe, eti akahesabu mablanketi ya stoo, simu iliita kila Jumapili saa nne asubuhi. Leo umehesabu mangapi, kipenzi? Mia nne. Hayajanisalimia? Lile la kijivu limekuulizia. Fundi alicheka, na usiku akalala usingizi wa pono. Sasa Jumapili zote hizo zilikuwa zimechacha kama chakula cha jana.

Hata kukutana, walikutana kwa sababu ya nguo. Ilikuwa studio ya picha, foleni mpaka barabarani, na mbele yake askari mrefu, shati limepigwa pasi hadi linaweza kusimama lenyewe, ila halina kifungo cha juu. Alikishona mwenyewe akiwa amelivaa. "Usipumue," alimtania, sindano ikiwa karibu na koo. Jamaa akatii mpaka macho yakamtoka. Hapo hapo Fundi akapenda.

"Niangalie," alimwambia sasa. "Kazi yako ni nini?"

Koplo alilitazama pazia. Pazia likakohoa. "Endeleeni tu," Mwalimu alisema, "mimi sipo."

"Tunasafisha njia," Koplo alisema. "Vita viliisha kule, lakini vitu vimebaki ardhini. Mashambani, njia ya kisimani. Tunalala kifudifudi, tunachokoa udongo kwa fimbo ya chuma. Kidogo kidogo."

"Mabomu."

"Ndiyo."

Fundi akakalia vitambaa vya wateja, kosa ambalo mtu mwingine angefukuzwa nalo dukani. "Na ukitoka huko unanipigia, unanitania habari za blanketi la kijivu."

"Ningekwambia, sauti yako ingebadilika. Jumapili naisikia, Jumatatu naingia nayo kwenye udongo. Kazi ile haitaki mtu mwenye wasiwasi, mke wangu."

"Kwa hiyo hatari ikawa mimi."

"Ulikuwa mahali pangu pa kupumzika."

"Bila kuniuliza."

"Bila kukuuliza."

Basi lake lilikuwa kesho asubuhi. Fundi alitaka kusema usiende, na alijua askari haambiwi hivyo, huambiwa nenda salama. Akaikunja suruali, akaikunjua tena.

"Sasa Jumapili nitakuuliza nini?" akasema mwishowe. "Mablanketi siyataki tena. Wewe niambie ukweli, nami nitakaza sauti. Nitajifunza. Nikishindwa nitakata simu, nilie kidogo, halafu nikupigie."

Nyuma ya pazia mtu akavuta kamasi.

Koplo aliweka mkono wake wa kulia juu ya meza ya kukatia, na mkasi uliokuwa pale ukaanza kugonga-gonga rula ya chuma. Fundi akaufunika mkono ule kwa wake. Ikatetemeka yote miwili.

"Tangu lini?"

"Wiki ya sita sasa. Na wewe muda wote huo ulikuwa unacheka."

"Wenzako wanajua?"

"Hajui mtu. Wanapita nilipopita mimi, wakiamini nimeshasafisha."

Fundi akausogeza mkasi mbali na mkono wake.

"Tafuta karatasi," Koplo alisema. "Niandikie barua kwa mkuu wangu, mimi kalamu hainikai mkononi. Mwambie habari ya mkono huu. Halafu mwambie kazi siiwezi tena."