Upepo Uvunguni mwa Pikapu

Asubuhi nyingi, kabla ya chai, Fransis alilala chali uvunguni mwa pikapu yake. Hakuwa fundi magari. Alikuwa mchonga vinyago wa Mbagala, na kazi yake ya kwanza siku zote ilikuwa kuota. Alitazama mabomba na vyuma vya chini, akauona kwa mawazo upepo ukiingia mle kwa kasi, ukijikwaa, ukizunguka kama maji yaliyokosa njia.

"Baba Fredrick, chai inapoa," mkewe Sesilia alimwita. "Na Mwinjuma bado anasubiri jibu."

Mwinjuma alitaka kulinunua gari. Sesilia alikuwa amechoka nalo. Kila Fransis alipokwenda Morogoro kufuata magogo ya mpingo, faida yote iliishia kwenye mafuta. Lakini bila gari, Fransis angebaki kuchonga miti laini ya tajiri mmoja mwenye duka la vinyago, kisha kuipaka rangi ya viatu ili wageni wadhani ni mpingo. Wazo hilo lilimuuma sana.

"Nipe safari moja tu," alisema. "Upepo unalishika gari kwa chini. Nitapafunika, uteleze."

"Moja. Nisipoona nafuu, tunauza."

Fransis alifunga mbao za plaiwudi chini ya gari lote, mbele hadi nyuma. Akazipiga msasa. Kisha, kwa kuwa mazoea yana taabu, akazipaka nta zikang'aa kama kinyago cha kuuza. Hakuna ambaye angelala chini kuzitazama, lakini mchongaji ni mchongaji.

Walilijaribu gari mpaka Kongowe. Waliporudi na kuingia mtaani kwao, Sesilia alivuta pumzi.

"Husikii harufu? Kama mshumaa."

Moshi ulikuwa unapanda pembeni mwa mlango. Fransis alizima injini, wakaruka nje. Jirani yao, Mwalimu Kokuberwa, alitoka mbio na ndoo ya mchanga. Alikuwa anafundisha ufundi wa magari chuoni. Alirusha mchanga uvunguni mpaka moshi ukakata, kisha akachungulia.

"Fransis, umepaka nta karibu na bomba la moshi?"

"Nilitaka palainike, Mwalimu. Basi mie niliota ujinga."

"Hukuota ujinga. Upepo kweli unakwama humo, na injini inatumia nguvu kuusukuma. Kosa ni mbao, na kufunika kila kitu. Bomba la moshi linapata moto mkali. Liache wazi. Injini na giaboksi nazo zinataka kupumua."

"Nifunike wapi, sasa?"

"Sehemu ya mbele, chini ya bampa, na ubavuni, mbali na bomba. Tumia bati jembamba la alumini. Toboa matundu ya kutolea maji na tope. Acha nafasi ya kufikia nati ya kumwagia oili. Kaza bolti sawasawa, maana bati likidondoka barabarani litaua mtu. Na fundi alikague kabla hujasafiri."

"Na mafuta yatapungua?" Sesilia aliuliza.

"Kidogo, tena kwenye barabara kuu. Humu kwenye mashimo hutaona kitu. Jaza matairi upepo wa kutosha, na usikimbize gari. Hayo yanasaidia zaidi ya bati. Halafu pimeni. Jazeni tangi kabla ya kuondoka. Mkirudi, lijazeni tena pale pale. Lita zitakazoingia ndizo mlizotumia."

Fransis alifanya kama alivyoambiwa. Safari hii ya Morogoro Sesilia alipanda naye. Walipopita Mlandizi, pikapu ilitulia. Ile kelele ya chini ilikuwa imepungua, na miti ilipita polepole dirishani. Fransis aliuona tena upepo moyoni mwake, sasa ukipita bila kujikwaa. Alifurahi kama mtoto, lakini alinyamaza, kwa sababu pampu ilikuwa haijasema.

Walirudi kesho yake na magogo manne ya mpingo. Kwenye kituo kile kile cha mafuta walikojaza, Sesilia alishuka akasimama karibu na pampu. Zamani safari hiyo ilikula lita hamsini. Pampu ilisimama kwenye arobaini na tatu.

Sesilia aliisoma namba ile mara mbili. Kisha akarudi ndani ya gari, akafunga mlango.

"Tupitie kwa Mwinjuma," alisema. "Nikamwambie mwenyewe atafute gari jingine."

Fransis alishika usukani, machozi yakamlenga.

"Washa gari, Baba Fredrick," Sesilia alisema taratibu. "Mpingo ukikaa juani hivi utapasuka, na una kazi nao kesho."