Kikaza Waya cha Fundi Seng'enge

Nyaya nne zilikuwa zimelegea kati ya nguzo, kila moja na tumbo lake, na kuku wa jirani alikuwa anapita chini yake bila hata kuinamisha kichwa.

"Kilikuwa hapa," alisema Fundi Seng'enge, akionyesha majani yaliyolala. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonyesha mahali maiti ilipokutwa.

Inspekta alichuchumaa. Kwenye majani kulikuwa na doa la grisi, urefu wa mkono wa mtu, na kando yake bunda la waya lililokatwa ncha.

"Eleza kifaa chenyewe."

"Kikaza waya, afande. Kina mkono wa chuma kama wa jeki, mnyororo mfupi, na taya mbili za kung'ata waya. Ukivuta mkono, taya inapanda mnyororo, pete moja baada ya nyingine. Tak, tak, tak. Ng'ombe akiegemea waya huo, anayerudi nyuma ni ng'ombe."

"Kina alama yoyote?"

"Mkono umezungushiwa mpira mwekundu wa baiskeli. Aliufunga marehemu baba."

"Mara ya mwisho ulikiona lini?"

"Jana, Jumatatu, saa sita mchana. Nilikiweka chini nikajilaza kidogo kwenye kivuli cha banda."

"Kidogo?"

Fundi aliangalia viatu vyake. "Mpaka saa tisa."

Nyuma yao alisimama Sajini, mtu mnene mwenye mvi, akiandika maelezo kwa shida kwa sababu kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefungwa bandeji. Yeye ndiye aliyetangulia kufika asubuhi ile kulinda eneo la tukio, na alikuwa amelilinda kwa kulikanyaga lote.

"Nyayo zipo?" Inspekta aliuliza.

"Zipo nyingi, afande. Zote za kwangu."

"Na huo mkono?"

"Kopo la maziwa, afande. Nilikuwa nalifungua."

Mwenye shamba alifika, mwanamke mrefu wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mbuzi. Hakusalimia sana.

"Mbuzi wangu thelathini wanashuka Ijumaa asubuhi," alisema. "Uzio ukiwa bado unacheka hivi, kazi nampa Fundi Cheche. Nisamehe, mwanangu, lakini mbuzi hawasubiri upelelezi."

"Mama, ndiyo kazi yangu ya kwanza ya maana tangu mwaka uanze," alisema Fundi Seng'enge.

"Si ununue kingine?"

"Mji mzima hakipo. Cha kuagiza kinakuja baada ya wiki tatu."

"Basi hao hapo polisi. Waombe." Akaondoka.

Inspekta aliinua lile bunda la waya. "Limepungua?"

Fundi alilipima kwa mkono, kama mama anavyompima mtoto mgonjwa. "Mita saba hivi."

"Kwa hiyo mwizi kachukua kikaza na waya wake. Ana kitu cha kukaza."

"Niandike hilo, afande?" Sajini aliuliza.

"Andika."

Sajini aliandika polepole sana.

*

Kituo chao kilikuwa jengo la zamani, na jengo lilikuwa na ufa. Ufa ulianzia darini ukashuka hadi sakafuni, katika kona ya ukuta mmoja mrefu wa nje, uliozishika pamoja ofisi ya Inspekta na stoo ya vielelezo. Ukuta wenyewe ulikuwa unaegemea nje, kidogo kidogo kila mwaka, kama mlevi anayejaribu kusimama kwa heshima.

Miezi sita nyuma mhandisi wa majengo alikuja akaingiza vidole vinne kwenye ufa. "Nitarudi," alisema. "Nikikuta ngumi yangu inaingia, kituo nakifunga, na kila mmoja wenu atapangiwa kwingine." Sasa barua ilikuwa imekuja: angerudi Alhamisi, saa nne. Wiki iliyopita Inspekta alijaribu ngumi yake mwenyewe. Iliingia pamoja na saa.

Kwa sababu ya ukuta huo, mlango wa ofisi yake ulikuwa hauna utu. Ili kuufungua ilibidi kuinua kitasa, kuweka bega, na kusema neno ambalo mtu halisemi mbele ya wazazi. Jumanne ile, aliporudi kutoka shambani, Inspekta aliinua kitasa, akaweka bega, akafungua kinywa. Mlango ukafunguka kama pazia. Alijikuta amelala kifudifudi juu ya meza yake.

"Mlango leo una adabu," alimwambia Sajini, akiokota kofia.

"Kiangazi hicho, afande. Mbao hunywea."

Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Inspekta alikwenda stoo kuchukua bahasha ya kuwekea ncha ya waya aliyotoka nayo shambani kama ushahidi. Stoo zamani ilikuwa chumba cha mahabusu, na bado ilikuwa na nondo dirishani, kwenye ukuta ule ule unaoegemea, na nguzo nene za chuma upande wa pili. Kutoka dirishani hadi kwenye nguzo palikuwa na mablanketi manne, yamepangwa bega kwa bega, yamening'inia hadi chini.

"Haya nini?"

"Naanika vielelezo, afande. Yale mablanketi ya kesi ya bweni. Yameingia unyevu."

Inspekta aligusa moja. Lilikuwa kavu kama karatasi. Alifikiri moyoni kwamba Sajini, pamoja na uzee wake, alikuwa askari mwenye bidii.

*

Jumatano walimhoji Fundi Cheche, mchomeleaji, ambaye alizungumza bila kuvua miwani yake ya giza.

"Jumatatu, saa sita hadi saa tisa, ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nachomelea geti."

"Shahidi?"

"Mtaa mzima. Waulize nani aliweza kulala mchana ule kwa kelele zangu."

"Uzio usipokwisha, kazi unaipata wewe."

"Naipata, na siitaki. Mama Mbuzi ni shangazi yangu. Umewahi kumfanyia kazi shangazi yako, afande?"

Inspekta aliwahi kupaka rangi nyumba ya shangazi yake, mara mbili katika wiki moja, kwa sababu rangi ya kwanza haikumpendeza. Alilikata jina la Fundi Cheche kwenye daftari.

"Halafu hicho kikaza nikiibe kiwe cha nini?" aliendelea Cheche. "Kuvuta si kazi, hata bibi yangu anavuta. Kazi ni kukitoa."

"Kukitoa vipi?"

"Muulize mwenyewe. Mimi na waya hatujuani."

Mwenyewe hakuwa mbali. Tangu kuibiwa, Fundi Seng'enge alikuwa anashinda kwenye benchi la kituo, mikono magotini, kama mtu anayesubiri habari za chumba cha upasuaji. Inspekta alikaa kando yake.

"Hebu nieleze. Ukishavuta waya, kikaza unakitoaje?"

Fundi alifungua kamba ya kiatu chake ili aonyeshe. "Kikaza hakiachwi kwenye waya, afande. Unavuta, unafunga fundo hapa, mbele ya taya, ndipo unalegeza. Fundo ndilo linaloshika. Kikaza ni mgeni tu, kazi ikiisha anaaga."

"Na asiyejua fundo?"

"Huyo kakwama. Akilegeza, kila kitu kinarudi kilikotoka. Anabaki nacho kama mtu aliyeshika mkia wa chui."

Sajini alikuwa anapita na kikombe cha chai. Alisimama.

"Fundo lenyewe la namna gani?" aliuliza. "Kwa ajili ya maelezo tu."

"Unazungusha hivi, unarudisha hivi, unapitisha chini, unabana na koleo."

"Rudia hapo kwenye kupitisha chini."

"Mzee, baba alinifundisha miaka miwili."

Sajini aliondoka. Nusu ya chai ilikuwa imeingia kwenye bandeji yake.

*

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Inspekta alifungua mlango wa ofisi yake kwa kidole kimoja. Halafu akaufunga. Akaufungua tena. Alifanya hivyo mara tano, huku mvua ikigonga dirisha.

Mbao huvimba siku za mvua. Mlango hukwama fremu ikiwa imepinda, na fremu ilipinda kwa sababu ukuta uliegemea. Kama mlango umenyooka, ukuta umenyooka. Na ukuta haujinyooshi, kwa sababu kama ungekuwa na aibu, ungeanza zamani.

Mwizi ana kitu cha kukaza.

Alikwenda stoo akavua blanketi la kwanza, la pili, la tatu. Chini ya mablanketi palikuwa na waya uliotoka kwenye nondo za dirisha hadi kwenye nguzo ya chuma. Aliugusa kwa ukucha. Ukalia kama gitaa. Akavua blanketi la nne. Kikaza waya kilikuwa pale katikati, kimeung'ata waya, mkono wake umezungushiwa mpira mwekundu wa baiskeli.

Siku tatu mji mzima ulikuwa unakitafuta kielelezo, nacho kilikuwa kwenye stoo ya vielelezo.

"Sajini."

"Afande." Sauti ilitoka mlangoni.

"Funga mlango. Kaa."

Sajini alikaa juu ya televisheni ya kesi nyingine. Inspekta alibaki amesimama, na hakupenda, kwa sababu yule alikuwa sawa na baba yake kwa umri.

"Ulikichukua saa ngapi?"

"Saa saba na nusu, Jumatatu. Wewe ulikuwa mahakamani."

"Fundi alikuwa wapi?"

"Anakoroma."

"Ulikusudia nini?"

"Kukiazima, saa moja tu. Nivute, nirudishe kabla hajaamka. Na kuvuta nilivuta, afande. Ufa ulijifunga mbele ya macho yangu mpaka vikabaki vidole viwili. Nikashukuru Mungu. Nilipotaka kukitoa, ukuta ukakohoa."

"Ukakohoa?"

"Ukakohoa, vumbi likanimwagikia kichwani. Nikarudisha mkono wa kikaza haraka, waya ukanichana kiganja. Tangu hapo nikikitoa, kituo kinaanguka. Nikikiacha, mimi mwizi."

"Maziwa je?"

"Sinywi maziwa, afande."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Jalada lenyewe naandika mimi."

Inspekta alishusha pumzi. "Mzee wangu, kwa nini?"

Sajini alivua kofia akaiweka gotini.

"Nimebakiza miezi minane nistaafu. Kituo kikifungwa, wananipeleka mbali, nikamalizie huko. Sasa, mke wangu. Mke wangu amehama nyuma yangu mara kumi na moja. Kila tunapofika, anapanda mparachichi. Kila unapokaribia kuzaa, napewa barua ya uhamisho. Mara kumi na moja kapanda yeye, wamevuna wengine. Huu wa hapa ni wa kumi na mbili. Mwezi uliopita ulitoa maua." Alifuta uso kwa bandeji. "Alinishika mkono akanipeleka kuuangalia. Hakusema kitu. Afadhali angesema."

Nje gari lilisimama. Mlango wa gari ulibamizwa kwa nguvu, kama wanavyobamiza watu waliotumwa na serikali. Mhandisi alikuwa amewahi.

Inspekta aliangalia kikaza, akaangalia ukuta. Mali ya mtu lazima irudi kwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa kwenye benchi, mbuzi thelathini wakimjia kesho. Alifungua mlango.

"Fundi, njoo. Haraka."

Fundi Seng'enge aliingia. Alikiona. Alisogea, akainama, akaangalia taya, akaangalia mnyororo, na uso wake ukajaa huzuni.

"Nani kakifunga hivi?"

"Mimi," alisema Sajini.

"Umekiweka kichwa chini." Ilionekana hilo limemuuma kuliko wizi. "Mzee mzima. Kichwa chini, siku tatu."

"Nisamehe, kijana wangu."

"Ukuta ukianguka, utaangukia wapi?" Inspekta aliuliza.

"Nje, kwenye maua yenu. Lakini hauanguki. Shikeni tu nondo hizo, nyote wawili, mvute kwenu." Alitoa koleo mfukoni, akazungusha waya, akaurudisha, akaupitisha chini, akabana. Dola ilikuwa imeng'ang'ania dirisha kwa mikono minne, macho imefumba. Tak, kikalegea pete moja. Tak, ya pili. Ukuta ulimeza mate. Haukukohoa.

Fundi alikitoa kikaza akakifuta grisi kwa shati lake safi.

Mhandisi aliingia bila kubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ufa, akakunja ngumi, akasukuma. Haikuingia. Akajaribu vidole. Viliingia viwili. Akageuka akauona waya, akaupiga kwa kalamu, akasikiliza unavyolia.

"Fundo hili kafunga nani?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Fundo zuri." Akaandika. "Lakini waya si msingi. Hili litashika miezi tisa, na ndani ya miezi hiyo ukuta uanze kujengwa upya. Usipojengwa, mwezi wa kumi nakifunga kituo bila salamu."

Sajini alikuwa amesimama wima, mikono nyuma. Inspekta aliyekuwa kando aliviona vidole vyake vikihesabu. Vilifika cha nane, vikasita, vikakuta kimoja kimebaki.

Gari la mhandisi lilipoondoka, Inspekta alimgeukia mlalamikaji. "Mtuhumiwa amekiri. Unataka afunguliwe mashtaka?"

Fundi Seng'enge alifikiri. "Yeye kanipotezea siku tatu. Akifungwa, nani ananilipa hizo siku? Nataka mtu wa kunishikia nguzo leo mpaka jua lizame, na kesho alfajiri tena. Na akiniona nimelala, aniamshe."

Ijumaa saa mbili mbuzi walishuka. Wa kwanza, beberu mwenye ndevu, alikwenda moja kwa moja kwenye waya akauegemea. Waya ukalia. Beberu akarudi nyuma, akaangalia uzio kwa heshima. Kwenye nguzo ya mwisho alisimama Sajini akiwa na fulana tu, amelowa jasho, na Mama Mbuzi alikuwa anamuuliza Fundi kama kibarua huyu mnene anapatikana na Jumamosi.

Inspekta aliandika ukurasa wa mwisho wa jalada. "Kifaa kimepatikana. Mlalamikaji ameridhika. Mtuhumiwa ameonywa na kupewa kazi. Alikuwa na kitu cha kukaza."

Alilifunga jalada, akavaa kofia, akashika kitasa atoke. Mlango ukagoma. Fundo, kama mafundo yote, lilikuwa limejilegeza kidogo ili likae vizuri. Inspekta aliinua kitasa, akaweka bega, akalisema lile neno kwa furaha kubwa.